Udongo Niliouchukua Kawangware

Barua ya mama ilinifikia Kianda, mtaa wetu wa Kibera, siku ya Jumanne, ikiwa na mwandiko wa mchungaji, kwa kuwa mama hakujua kuandika. Ilikuwa fupi. Alisema miguu imevimba, chakula hakipiti, na limebaki neno moja tu linalomnyima usingizi: mwanawe Elam hana kaburi nyumbani. "Sitaki kuzikwa katika boma hili huku mwanangu bado yuko nje," alisema. "Nenda pale ulipomlaza uniletee udongo wake tuuzike, ndipo na mimi nilale." Chini ya maneno hayo mchungaji alikuwa ameongeza la kwake, kwamba nisikawie.

Ninyi mlioko nyumbani Maragoli mnaijua desturi yetu, lakini watoto tuliowazaa huku mjini hawaijui, na huenda wao ndio watakaosoma haya. Mtu wetu akifia mbali na mwili wake usirudi, hukatwa shina la mgomba, likavikwa shuka, likazikwa mahali pake katika boma. Ukipatikana udongo wa kaburi lake la ugenini, hutiwa humo pamoja na shina. Pasipo hivyo mtu huyo huhesabiwa kuwa bado yuko njiani.

Elam alikuwa mdogo wangu, fundi mwashi, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani, na mtu wa kucheka hata pasipochekesha. Alikuwa amepanga chumba Kawangware kwa mzee mmoja wa Kikuyu aliyeitwa Mzee Muhoro. Mwaka ule wa kipindupindu aliamka akihara, na jua lilipoanza kushuka alikuwa amekwisha. Watu wa afya walikuja na pampu zao za dawa wakasema mwili hausafiri kwenda popote, uzikwe hapo hapo kesho yake asubuhi. Mimi ni seremala. Jeneza nililipiga mwenyewe, na nasema bila haya kwamba ndiyo kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, maana mikono ilikataa kushika randa. Mzee Muhoro alitupa kona ya shamba lake. Nikamwandikia mama kwamba ikipita miaka miwili nitaomba kibali, nimfukue, nimlete. Imepita tisa.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kianda. Mke wangu alikuwa ameosha kopo la mafuta ya kupikia kwa jivu mpaka likang'aa, akalikausha juu ya jiko, akaniwekea kando ya mlango pamoja na mfuniko wake. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya kabati la mwalimu mmoja, kabati lisilokuwa na haraka yoyote, nikilipiga msasa.

"Unaenda ama unaanza tena?" akaniuliza.

"Acha nimalize huu mlango."

"Baba Tabitha, huo mlango uko sawa tangu Alhamisi. Miaka tisa nasikia unaenda Kawangware. Hata kama ingekuwa Kampala, ungekuwa umefika na kurudi kwa magoti."

Kutoka kwetu hadi pale ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na yeye alijua kama mimi kwamba tangu siku ya mazishi sikuwahi kupakanyaga. Nikipata kazi ya kupiga paa upande huo, naikataa. Watu niliwaambia ni mbali. Ukweli ni kwamba niliogopa kwenda kusimama juu ya ndugu yangu na ahadi yangu ya uongo. Kila mwaka uliopita uliufanya ujao kuwa mgumu zaidi. Nikavua aproni, nikatia kopo na kijiko kikapuni, nikatoka.

Saa moja kasorobo, njia ya kupandia kutoka Kibera. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na vichochoro vilikuwa tope tupu, tope jeusi lenye harufu ya kila kitu ambacho watu wamekimwaga. Akina mama walikuwa wamekwisha washa makaa, mandazi yanaelea kwenye mafuta. Mafundi na vibarua walikuwa wakitoka kwa mafungu kwenda kutafuta kazi upande wa mjini, na mimi nikawa napishana nao. Wawili walionijua waliniuliza kama nimefiwa. Labda ni kikapu kilichowadanganya, labda ni uso wangu.

Nilivuka barabara ya Ngong pale Dagoretti Corner nikashika njia ya Kawangware. Huko juu hewa ni safi, kuna ua wa michongoma na nyumba zilizojificha nyuma ya miti, na mbwa wanaobweka kwa Kiingereza, kama tulivyokuwa tukisema na Elam. Yeye ndiye aliyenionyesha njia hii mara ya kwanza. Alitembea mbele akinihesabia nyumba alizowahi kufanyia kazi: hapa nilipiga lipu, hapa nilijenga choo, hapa walininyima maji ya kunywa. Nilizitambua tatu. Lipu yake ilikuwa bado imeshika.

Saa mbili na robo, Kawangware. Basi la namba arubaini na sita lilikuwa limegeuza pale mwisho likishusha watu. Nilisimama nikitafuta shamba la mahindi nililolijua na sikuliona. Pale palipokuwa na mahindi na majani ya ng'ombe sasa pana safu za vyumba vya mabati, mlango kwa mlango, na kamba za nguo zimekatiza kila mahali. Wenye mashamba wamekuwa wenye ploti. Siwalaumu, maana hata mimi ningejenga. Ila nilipotea mara mbili, mpaka mama mmoja muuza makaa akanishika mkono na kunipeleka kwa mjane wa Mzee Muhoro.

Cucu Nyambura, ndivyo wote wanavyomwita, yaani bibi, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Alinitazama kwa muda.

"Haiya! Wewe si ule fundi ya mbao? Ndugu ya Elamu?"

"Ni mimi, Cucu."

"Umezeeka."

"Wewe umekataa kuzeeka."

Alicheka kidogo, akanisogezea kigoda. Kisha kicheko kikaisha. "Mzee alienda, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulisikia na hukukuja kuweka yeye kwa udongo. Na yeye aliweka wako."

Niliinamisha kichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenihurumia, akaingia ndani na kunitolea chai ya maziwa na kipande cha kiazi kitamu. Nilimweleza habari za barua ya mama na udongo. Akasikiliza akitikisa kichwa, na mwisho akauliza kitu kilichonishtua.

"Na hukujua hiyo pande tuliuza?"

Hapo inabidi nieleze jambo la siku ya mazishi. Nilikuwa nimetengeneza msalaba wa mbao uwe alama. Mzee Muhoro aliukataa. Alisema mbao italiwa na mchwa, na jiwe litaibiwa na mtu anayejenga, lakini kuna alama moja ambayo hakuna Mkikuyu atakayeigusa. Alikwenda mpakani mwa shamba akarudi na vitunguu vya ua wanaloliita itoka. Ni ua la majani mapana, linachanua jeupe lenye mistari myekundu, na vitunguu vyake hukaa ardhini miaka na miaka. Wazee wao walikuwa wakilipanda mipakani kwa kiapo, na anayeling'oa hujiletea laana yeye na nyumba yake. Mzee aliyapanda matoka yale kwa kuzunguka kaburi la Elam, moja moja, akiyakandamiza kwa kisigino. "Sasa ndugu yako iko na askari," akaniambia. Mimi nilishukuru na kwenda zangu, na kusema kweli lile neno la askari lilinipa kisingizio cha kutorudi. Kaburi lina mlinzi, haraka ya nini?

"Vijana yangu waliuza mpaka kule chini," Cucu akasema. "Walinunua watu ya ile nyumba ya picha. Mimi nikawaambia vijana, mwambieni hao watu kuna mgeni analala kwa ile kona. Wakaniambia, mama, si iko na itoka? Nani ataguza itoka?" Alifuta mikono kwenye leso. "Mimi miguu haiendi mbali siku hizi. Sijafika huko mwaka sasa. Lakini leo nitaenda na wewe."

Saa nne asubuhi, langoni mwa jumba la sanaa. Wenyeji wanaliita nyumba ya picha. Lilikuwepo dogo tangu mwanzo wa Uhuru, likaungua kwa hitilafu ya umeme, na sasa limejengwa upya, kubwa mara tatu, na viwanja vyake vimepanuliwa. Siku za Jumamosi watu huruhusiwa kuingia bure kuangalia. Kando ya lango kuna ramani kubwa ndani ya kioo, imepakwa rangi, inayoonyesha bustani itakavyokuwa yote ikikamilika: njia za kutembea, miti ya kivuli, viti vya mawe, sanamu juu ya vilima vidogo, na chini kabisa, mahali pa bondeni, kidimbwi cha samaki. Nilitafuta kona yetu kwenye ramani ile. Mimi huzoea kusoma michoro, ni kazi yangu. Nilihesabu kutoka barabarani, nikahesabu kutoka mtoni, nikarudia, na kila mara kidole kiliangukia kwenye ile rangi ya buluu.

Cucu hakuwa akiitazama ramani. Alikuwa amesimama katikati ya lango, mkono mdomoni. Kutoka pale hadi kwenye mlango wa jumba kulikuwa na njia pana ya kokoto, na pande zote mbili za njia, kwa mistari iliyonyooka kama imepigwa uzi, yalikuwa yamepandwa matoka. Yalikuwa yamechanua yote. Nakiri yalikuwa mazuri sana.

"Ngai," akasema, akimwita Mungu kwa Kikuyu. "Ni nani alizing'oa?"

Hakukubali kupita katikati yake. Alizunguka kwa nje, juu ya nyasi changa, akijishika kiuno. Askari wa lango akapiga kelele, "Cucu, usikanyage nyasi!" Hakugeuka hata kumtazama. Mimi nilimfuata.

Tulipita mbele ya jumba. Mlango ulikuwa wazi nikachungulia ndani kwa sekunde chache, kwa sababu nilitaka kuchelewesha kile kilichokuwa kikinisubiri kule chini. Kulikuwa na vinyago vya mpingo, picha za rangi kali, sakafu ya mbao iliyopigwa vanishi vizuri ajabu. Na pale ukumbini, ndani ya kabati la kioo lenye taa yake, walikuwa wameweka mlango mmoja wa jumba la zamani ulioungua nusu. Karatasi ilieleza ulikuwa mlango wa chumba gani na ulinusurika vipi. Niliukagua. Ni mlango wa kawaida, bawaba mbili, kazi ya mtu aliyekuwa na haraka. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni. Watu hawa wanajua kutunza. Wameutunza mlango ulioungua, wakauandikia habari zake, na hakuna aliyewaambia habari za ndugu yangu. Kisha hasira ikanigeukia mwenyewe, kwa sababu aliyepaswa kuwaambia ni mimi.

Saa nne na nusu, bondeni. Kidimbwi kilikuwa kimeshachimbwa. Kilikuwa shimo refu kuliko kimo cha mtu, limepigwa saruji chini na kandoni, bado halina maji ila yale ya mvua, na ndani yake kulikuwa na chura mmoja na karatasi ya saruji inayoelea. Cucu alinyoosha mkono akaonyesha katikati ya shimo, si pembeni, katikati kabisa.

"Ni hapo," akasema.

Nilisimama na kopo langu. Nililia, sifichi. Nililia kwa sauti ambayo sikuitoa siku ya kumzika. Cucu aliketi chini kwenye udongo mbichi na kunyoosha miguu, kama mwanamke aliyefiwa leo.

Kelele zangu zilimleta mtunza bustani. Alikuwa mtu wa makamo, mabuti ya mpira, kofia ya kiangazi, jembe begani. Nilimtambua kabla hajafungua kinywa, jinsi unavyoweza kumtambua mtu wa kwenu kwa namna anavyosimama.

"Mulembe," akanisalimu kwa salamu ya kwetu.

"Mulembe."

"Wa wapi?"

Nikamwambia. Akafurahi, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Anaitwa Shem, anatoka ng'ambo ya mto wetu tu, na tukianza kuhesabu ukoo hatungekosa shangazi. Akaniuliza ninalia nini. Nikamwambia: hapa mlipochimba palikuwa na kaburi la ndugu yangu, limezungukwa na maua.

Shem alitua jembe chini polepole. "Yale maua yalikuwa ya mviringo?"

"Ndiyo."

"Haki ya Mungu." Alivua kofia. "Ndugu yangu, mimi nilijua ni maua tu. Yalikuwa mazuri kuliko yote hapa, na yalikuwa yamekaa vibaya, yamejikunja tu pale chini hakuna mtu anaona. Nikasema haya ni ya kupeleka mbele. Niliyachimba na mkono yangu, nikayagawa gawa, nikapanda yote kwa njia. Hata wakubwa walinisifu."

"Na hakuna mtu alikukataza?" Cucu akauliza kutoka pale chini.

"Wale vijana wa hapa walikataa kung'oa. Waliweka jembe chini wakaenda. Niliona ni uvivu." Alimtazama Cucu, kisha akanitazama mimi. "Wangeniambia tu."

"Itoka haiambiwi mtu," Cucu akasema. "Inajulikana."

Nimelitafakari neno hilo mara nyingi. Vijana wa Cucu hawakumwambia mnunuzi kwa sababu itoka linajieleza lenyewe. Vibarua hawakumwambia Shem kwa sababu hawakudhani kuna mtu mzima asiyejua. Shem, mtu wa kwetu, ambaye nyumbani asingethubutu kukata mti wa kaburi, aliyang'oa kwa bidii na upendo, na laiti angekuwa Mkikuyu mvivu kabisa ndugu yangu angekuwa amelala salama. Na mimi niliyekuwa nimeambiwa maana ya ua lile kwa kinywa cha Mzee Muhoro mwenyewe, mimi peke yangu niliyejua lugha zote mbili, ya itoka na ya kwetu, nilikuwa Kianda nikipiga msasa.

"Hukuona kitu?" nikamwuliza Shem.

"Kama nini?"

"Mbao. Mifupa."

"Mimi nilikuwa mbele napanda. Shimo ilichimbwa na trekta, siku mbili. Trekta haichagui, ndugu yangu. Udongo ingine ilibebwa ikainua vile vilima vya sanamu, ingine ikatandazwa chini ya kokoto, ingine ilienda na lori, sijui wapi." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sikuangalia. Labda ningeangalia ningeona."

Maji yakimwagika hayazoleki. Tulikaa pale watatu. Juu kwenye njia watu waliovaa vizuri walikuwa wakipita kuelekea jumbani, na mwanamke mmoja aliinama kunusa maua.

Karibu saa sita, kando ya lango. Wazo lilitoka kwa Shem, lakini sitamtwisha yeye mzigo, kwa sababu mimi ndiye niliyekubali. Aliuliza nimekuja na kopo la nini, nikamweleza. Akafikiri, akasema kuna kitunguu kimoja kikubwa ambacho hakukigawa, ndicho kilikuwa mama wa mengine yote, alikipanda cha kwanza pale karibu na lango, na kilikuja na donge la udongo wake.

"Donge kubwa?"

"Kiasi."

"Kama ngumi? Kama kichwa?"

"Kiasi tu, ndugu yangu. Usiniulize sana."

Nilipiga magoti kwenye kokoto nikachimba kwa kijiko chini ya majani ya itoka lile. Cucu alisimama kule kwenye nyasi amegeuka pembeni, hakutaka kuona. Udongo uliotoka ulikuwa mweusi, mwepesi, unabomoka vizuri. Niliujua haukuwa ule udongo mwekundu mzito niliomfukia nao Elam, ule ulioshika kwenye koleo mpaka tukawa tunaukwangua kwa kijiti. Niliujua na mkono wangu ulijua. Lakini nilijaza kopo, nikafunika, nikaligonga mfuniko kwa kiganja. Nilikuwa nimewaza moyoni: mama ni mzee, mama anakufa, udongo ni udongo. Nafsi ikitaka kudanganya haikosi wema wa kujifunika nao.

Nilimrudisha Cucu kwake. Mlangoni alinishika kifundo cha mkono. "Zamani wazee wangechinja kondoo, waombe, warudishe itoka," akasema. "Sasa wazee hakuna. Mimi sijui maneno. Mimi nilikuwa wa kupika tu." Akaingia ndani bila kuniaga.

Nilirudi Kianda kwa njia ile ile. Mke wangu alilipima kopo kwa mkono, akaniuliza, "Ulimwona?" Nikamwambia, "Niliona mahali."

Jumatano iliyofuata, nyumbani Maragoli. Nilishuka basi mchana na watu walikuwa wamekwisha jaa bomani. Shimo lilikuwa tayari, upande wa kushoto wa nyumba, na shina la mgomba lilikuwa limelazwa juu ya mkeka, limevikwa shuka jeupe. Mlikuwepo, mnakumbuka. Mliimba vizuri. Mama alikuwa ametolewa nje na kuketishwa kwenye kiti, miguu juu ya kigoda, amejifunga kitambaa cha kanisani.

"Lete nimwone," akasema.

Nilipiga magoti mbele yake nikamfungulia kopo. Mama alikuwa amelima miaka sitini. Alitia mkono, akachota, akausambaza kwenye kiganja kwa kidole gumba. Akaunusa. Akalivunja donge dogo, akalitazama, akaniinamia sikioni kama mtu anayebariki.

"Huu una samadi," akasema, kwa sauti ya kusikia mimi tu.

Nilikaza macho kwenye kopo.

"Na mchanga wa mto. Huu umechanganywa na mtu anayepanda. Kaburi halitiwi samadi, mwanangu."

Nilitaka kufungua kinywa nimweleze habari za kidimbwi, na trekta, na maua, na miaka tisa. Nilikuwa nimefungua. Lakini mama alinikamata bega, akainuka kwa kuniegemea, na kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani bado anayo akawatazama ninyi nyote akasema, "Ni yeye! Nimemjua mtoto wangu!"

Mlipiga vigelegele. Wazee mlilia. Mama aliuachilia udongo ule kidogo kidogo juu ya shuka, akalikung'uta kopo mara mbili, akanirudishia. Na aliponirudishia akasema tena kwa sauti ile ya chini, "Ukirudi huko, umtafute."

Alifariki baada ya wiki tano. Mlisema amekwenda ametulia kwa sababu Elam amefika nyumbani. Wengi mnanisifu mpaka leo kwa safari ile, na mchungaji alinitaja madhabahuni kama mfano wa ndugu mwema.

Mimi nilifunga safari ya nyumbani nikidhani kwamba nitamdanganya mama kwa kumhurumia. Nilichojifunza ni kwamba mama, ambaye hakuwahi kudanganya hata kwa chumvi ya kuazima, alisema uongo mbele ya boma zima ili mwanawe aliyebaki asiaibike, na akaenda kwa Mungu na uongo huo kinywani. Huo ni uongo wangu, na ndiyo sababu nimeandika haya yote kwa jina langu. Elam bado yuko Kawangware, sijui upande gani. Kaburi lililo kushoto mwa mama halina mtu.